Siku Nilipomfokea Baba Mkwe kwa Ajili ya Ua la Sebuleni

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu limeshasimuliwa na wengine mpaka limeota pembe, na afadhali mlisikie kwangu mimi niliyeaibika kuliko kwa shangazi Subila, ambaye kwa maelezo yake nilimpiga baba mkwe kichwani kwa chungu. Sikumpiga. Nilimmwagia maji miguuni, tena maji yaliyooza, mbele ya wakwe kutoka Karonga, na kabla ya hapo nilimfokea kwa sauti ambayo mtu huitumia nyumba ikiwaka moto. Hayo ndiyo ya kweli, na kwa aibu yananitosha.

Kwa asiyejua mila zetu za Kinyakyusa, mkamwana hazungumzi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hampi mkono, hakai naye sebuleni, na wakikutana njiani ni mkamwana anayepisha kwenye majani. Siku hizi wengi wameacha, hasa watu wa mjini, na mume wangu Lugano aliniapia kabla ya ndoa kwamba kwao ni watu wa kisasa (alisema hivyo ili nikubali, nilikuja kugundua baadaye), lakini baba yake ni mzee wa mpunga wa Makwale aliyehamia Mbugani uzeeni, na alipohama alibeba jembe, redio na mila zake zote. Mimi ni mtoto wa Mwaya, nimekulia humo humo, kwa hiyo halikunisumbua. Nitawaambia na siri: lina raha yake. Baba mkwe asiyeruhusiwa kusema na wewe hawezi kukuambia kwamba mboga imezidi chumvi. Anamwambia mkewe, mkewe anakuja kukuambia jikoni, na wewe umeshasikia yote ukiwa nyuma ya mlango lakini unasikiliza upya kwa adabu, unasema ndaga, yaani asante, maisha yanaendelea.

Shida ilianza mama mkwe alipovuka mpaka kwenda Karonga kumlea binti yake Tusa aliyejifungua. Nyumba ikabaki na watu wawili wasiosemeshana, maana Lugano kazi yake ni kupeleka mchele Mbeya na kwingineko, akirudi analala, akiamka anaondoka. Tukaishi kwa kikohozi na fimbo. Mimi nikitaka kupita ukumbini nakohoa, yeye akitoka anagonga fimbo sakafuni, na kwa njia hiyo hatukukutana kabisa. Asubuhi akishakunywa chai alikwenda kukaa barazani, nami ndipo nikaingia sebuleni kufagia. Jioni sebule ilikuwa yake na taarifa yake ya habari, mimi niko jikoni uani. Tulijipongeza, kila mtu kwa upande wake, kwa jinsi tulivyoiweza nyumba.

Sasa humo sebuleni, pembeni ya kiti cha baba mkwe, kulikuwa na ua la mama mkwe. Naliita ua ila halikuwahi kutoa ua. Ni ule mmea wa majani mapana yenye mabaka meupe, shina lake nene kama mkono wa mtoto, utomvu wake unawasha kweli kweli. Mama mkwe ni mzaliwa wa Karonga, na alipoolewa upande huu mama yake alikata kipande kwenye ua la nyumbani akampa aje nacho. Mama yake akafa, nyumba ya kule ikauzwa, ua la kule likang'olewa na walionunua, likabaki hili. Alilifuta vumbi jani kwa jani. Siku ya kuondoka alinivuta pembeni akaniambia, "Nakuachia wewe peke yako. Ulimwagilie. Huyu ndiye mama yangu niliyebaki naye." Na mimi nikajibu, nikiwa na kifua mbele, kwamba asiwe na shaka.

Basi nikamwagilia. Kila asubuhi, kikombe kimoja, kwa upendo. Baada ya muda nikaona majani yanalegea. Mimi nimekulia kwenye mpunga, na kwetu mmea ukilegea una kiu, hakuna mjadala, unafungua maji. Nikaongeza kikombe cha pili. Yakazidi kulegea. Nikaanza kutumia maji ya kuoshea mchele, maana mama mmoja pale sokoni aliniambia yana nguvu. Na cha ajabu, kila asubuhi nilikuta udongo bado umelowa chepechepe, tena wakati mwingine umelowa kuliko nilivyouacha, na badala ya kujiuliza maji yametoka wapi, nikajisifu kwamba ya kwangu yanakaa. (Ndiyo, chekeni. Hata mimi sasa nacheka.)

Tena lile kopo la plastiki lenye ua lilikuwa na matundu chini, zuri tu, ila lilikuwa limekaa ndani ya chungu cha kauri cha bluu, cha urembo, kisicho na tundu hata moja. Kila tone lililopita kwenye udongo lilishuka kwenye chungu likakaa humo. Kwa nje kinang'aa, ndani ni bwawa. Sikuwahi kukiinua nikachungulia, kwa sababu kilikuwa kizito, na sikujiuliza kwa nini kila siku kinazidi kuwa kizito.

Majani ya chini yakawa ya njano, yakaanza kudondoka. Niliyaokota nikayaficha kwenye mfuko wa gauni, nikaenda kuyatupa mbali na nyumbani. Kisha ikaja harufu. Harufu ya kitu kilichokufia kwenye tope. Nikasema ni panya, na Lugano aliporudi kutoka safarini nikampandisha darini na tochi hata chai hajanywa, akashuka na utando wa buibui na kiatu kimoja cha mtoto asiyejulikana. Harufu ikabaki.

Mama mkwe alikuwa anapiga simu. Aliuliza hali ya mzee, hali ya mvua, halafu sauti yake ikashuka: "Na ua langu?" Mimi nikajibu, "Lipo, mama." Na kweli lilikuwepo, sikudanganya, ila hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema tu kwamba mama, majani yanadondoka, nifanyeje, angenielekeza kwenye simu hiyo hiyo na leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini nilishajivunia, na kwa aliyejivunia, kusema ana shida ni kazi.

Halafu zikaja habari kwamba Jumamosi anarudi, na anakuja na Tusa, mtoto, na wakwe wa Karonga wote wawili, wanakuja kushukuru. Nikaenda kulitazama ua. Lilikuwa limebaki shina na majani mawili juu yaliyokunjamana. Ningeweza kukiri hata hapo. Badala yake nikakumbuka kwamba mimi dukani kwangu, pamoja na vitenge, nauza maua ya plastiki ya kupambia kumbi za harusi.

Mimi ni fundi, jamani, nisijidharau. Nilichagua majani ya ukubwa ule ule, nikayashonea kwenye shina kwa uzi wa kijani, moja moja, nikapaka mabaka kwa rangi nyeupe ya kucha. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikalitazama, na nawaambia kweli, lilikuwa zuri kuliko lilipokuwa zima.

Jumamosi wageni wakafika mvua ikinyesha ile ya kwetu, ya kufunga madirisha yote. Sebule ikajaa. Mama mkwe, kabla hata ya kuvua viatu, akanyoosha shingo kwenye ile kona, akaliona ua kwa mbali juu ya mabega ya watu. Alikuja ukumbini nilikojibanza nyuma ya pazia, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu. Sikuamini." Macho yake yalikuwa na machozi. Mimi nikatazama chini kwa adabu, na adabu ile ilinisaidia sana.

Sasa watu wakiwa wengi chumba kinapata joto, na kikipata joto harufu inaamka. Nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa pazia, sinia la chakula likinisubiri mezani, nikaona inavyosafiri kutoka mtu hadi mtu. Baba mkwe wa Tusa aligeuza soli ya kiatu chake taratibu, akaangalia. Shangazi Subila, dada yake baba mkwe, akamnyanyua mtoto, akamnusa, akatoa uamuzi kwamba abadilishwe, akabadilishwa akiwa mkavu kabisa, na harufu ilipobaki akabadilishwa tena. Mwishowe mtu mmoja akauliza kwa upole kama leo kuna samaki. Hapo niliumia. Mbasa wangu alikuwa wa asubuhi ile ile, jicho lake bado linang'aa.

Kisha baba mkwe akasimama. Mzee huyu si wa hotuba, akisimama watu wananyamaza. Akamwambia mkewe, mbele ya wote, kwamba yeye hajui kusema maneno ya mapenzi, ila alipoondoka alimwachia kazi moja, na kazi ile ameifanya. Akainama nyuma ya kiti chake, akatoa jagi. "Kila jioni, habari zikiisha, namwagilia," alisema. "Jagi zima. Maana ulinipa mimi peke yangu."

Nyuma ya pazia nikaanza kupiga hesabu. Jagi zima, kila jioni, juu ya vikombe vyangu vya asubuhi. Na nikiwa bado sijalimeza hilo, shangazi Subila akadakia, hakutaka kuachwa nyuma: "Hata mimi, kaka. Nikipita mchana mnapokuwa mmepumzika naingia kimya kimya, nalimwagilia. Wifi aliniachia mimi."

 Mama mkwe hakuwa ametuamini hata mmoja, kwa hiyo alituachia wote, kila mtu kwa siri. Na kwa kuwa mimi na baba mkwe hatusemeshani, hapakuwa na njia duniani ya mmoja wetu kujua.

Baba mkwe, akiwa na furaha ya mtu anayeonyesha mavuno, akaanza kumimina. Maji hayakuzama. Yalipanda juu, meusi, na vipande vipande vinaelea, mpaka yakafika ukingoni mwa chungu, na yeye anaendelea, na jani langu moja la plastiki likaanza kucheza cheza kwenye uzi. Hapo nikasahau mila, nikasahau mimi ni nani, nikatoka nyuma ya pazia nikifoka:

"Baba, inatosha! Mnaliua!"

Ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe tangu niolewe.

Na sasa tazameni jinsi mila inavyoweza kumtesa mtu. Baba mkwe aliposikia sauti ya mkamwana karibu naye, akafanya kile alichofundishwa tangu ujana: akageuza uso ukutani haraka. Lakini mkono haukugeuka. Jagi likaendelea kumimina, sasa kwenye magoti ya mgeni wa Karonga. Mimi nami, nikikumbuka nusu ya adabu, nikainamisha uso sakafuni huku nanyoosha mikono kukamata chungu, nisione ninachokamata. Kwa hiyo tukawa watu wawili tunagombania ua, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama miguu yake. Nikashika shina, nikavuta. Likaja lote, bila kubisha, limeoza hata halikutoa mlio. Chungu kikapinduka. Bwawa lote lile, la majuma na majuma, likashuka kwenye viatu vya baba mkwe, na harufu iliyokuwa inanong'ona tangu asubuhi ikasema kwa sauti kamili.

Mimi nimesimama katikati ya sebule na kijiti chenye majani mazuri ya harusi, na jani moja lilikuwa bado na kikaratasi cha dukani.

Mama mkwe akaja akakichukua kutoka mkononi mwangu. Aligeuza jani, akaona uzi wa kijani. Akalikwangua baka kwa ukucha, rangi ikatoka. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma, maana nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Alikaa chini kwenye mkeka uliolowa, akakilaza kijiti kwenye mapaja yake kama mtu aliyepewa habari za msiba, na nilijua anamwona nani. Nikapiga magoti nikamwambia yote, kuanzia jani la kwanza la njano mpaka rangi ya kucha, na nililia kwa kwikwi, nisiwafiche.

Aliyeokoa jahazi ni mama wa Karonga. Alitutazama kwa zamu, mimi, baba mkwe aliyekuwa bado kaukabili ukuta na jagi tupu, shangazi Subila, halafu mtoto aliyebadilishwa bure, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe akafuata, na magoti yake yamelowa. Mama mkwe alikuwa wa mwisho, na kicheko chake kilichanganyika na machozi, lakini kilikuwa kicheko.

Kisha akafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya zamani. Akalibonyeza shina kwa vidole kuanzia chini kwenda juu. Laini, laini, laini, halafu akasita, akabonyeza tena. "Hapa bado yu hai," alisema. "Lete kisu na maji ya moto."

Wageni wakahamishiwa barazani na mbasa wangu (walisema ni mtamu, na mimi nilihakikisha wanasema), sisi tukaenda uani. Mizizi ilikuwa myeusi, na ukiivuta kidogo ngozi yake inavuka, inabaki nyuzi. Yote ile haikufaa, tukaitupa pamoja na udongo wake, na kopo tukaliosha kwa maji ya moto. Akanionyesha namna ya kukata: unapunguza shina kipande kwa kipande, unakipitisha kisu kwenye maji ya moto kila mara usije ukahamisha uozo, na huachi mpaka uone ndani ni kweupe safi, pasipo na hata doa la kahawia. Kilibaki kipande kifupi na yale majani mawili yaliyokunjamana. Akapaka jivu kwenye jeraha, akakilaza kivulini kikauke kwanza, maana ukikipanda kibichi kinaoza tena.

Katika kazi hiyo nikajipangusa mdomo kwa mkono wenye utomvu. Jamani. Midomo iliwaka, ikavimba, nikashindwa hata kusema samahani vizuri, na shangazi Subila aliponiona akatangaza barazani kwamba mdomo uliomsemesha baba mkwe umepata haki yake. Hilo nalo anasimulia mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nikiwa jikoni nikasikia fimbo inagonga kwenye ngazi ya uani, ambako huwa hafiki. Nikasubiri iende zake. Nilipofungua mlango nikakuta debe la pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi, zimepoa, na pembeni mchanga wa ziwani umechekechwa vizuri. Ndiyo udongo tuliopandia, kwa sababu maji hupita humo bila kutuama, na mzizi unapata pumzi. Sikujua kama mzee yule anaweza kuomba radhi. Kumbe anaweza, ila kwa debe.

Shangazi alishatamka kwamba nilivunja mwiko, lazima nitoe kuku. Nikatoa jogoo. Baba mkwe naye akatoa wa kwake, akisema mwenye jagi ana kosa kuliko mwenye kikombe, na shangazi, ambaye naye alikuwa na kikombe chake, alikula kwa wote wawili bila kutoa hata manyoya. Siku hiyo nikiwa nyuma ya mlango wa sebule nikamsikia baba mkwe anamwambia mkewe, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika:

"Mwambie mkamwana, sauti anayo. Siku nyingine aitumie mapema, kabla mti haujaoza."

Mama mkwe akaja kuniambia. Nikasikiliza upya, nikasema ndaga.

Ua lilikaa muda mrefu kimya, mpaka nikakata tamaa, kisha likachomoza jani moja, jembamba, limejiviringa. Sasa kopo linatolewa kwenye chungu kila linapomwagiliwa, linachuruzika mpaka liishe, ndipo linarudishwa, na hakuna anayelimwagilia bila kwanza kuchomeka kidole kwenye udongo. Tukapatana pia kuhusu kikombe: kikipinduliwa mdomo chini kando ya chungu, maana yake mtu ameshamwagilia. Mpango mzuri, uliodumu mpaka mama mkwe alipokuta kikombe kimekaa ovyo, akakiosha, akakirudisha kabatini.

Siku ile nikakuta kikombe hakipo, nikachomeka kidole, nikamwagilia, halafu nikasikia fimbo inakuja sebuleni na jagi linatikisika. Nikajibanza nyuma ya pazia, nikautazama ukuta wa ukumbi nisije nikamtazama yeye, na midomo ikaanza kuniwasha kwa kumbukumbu tu.

"Baba," nikasema, taratibu, "leo nimeshamwagilia."

Fimbo ikasimama. Jagi likawekwa chini. Kisha akakohoa mara moja, kikohozi kile cha kusema amesikia, akawasha redio yake.